Simamisha saa kwanza, ugomvi baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na nikirefusha nisamehe, kata pale utakapoona panafaa ila mambo ya Baguio usiyakate maana ndo yamenifanya nikae chini niandike.

Jumapili iliyopita mwandishi wako wa safu ya michezo aligusia chesi. Kwanza nimshukuru, kurasa za michezo huku kwetu ni Simba, Yanga na usajili mwaka mzima, mtu akiikumbuka sataranji siku moja tunashangilia. Ila kuna kitu alisema kikanikera. Alisema mchezaji anayelalamika kwamba mpinzani anamsumbua huyo anatafuta kisingizio cha kushindwa, na kwamba vijana wetu wafundishwe ubabe, yaani ukikodolewa macho na wewe kodoa, ukigongewa meza na wewe gonga. Mi nafundisha watoto chesi kila Jumamosi, na huo ushauri wa kugonga nimeuona ukifanya kazi kwa macho yangu haya, kazi yake ni kumpotezea mtoto gemu aliyokuwa anashinda.

Twende Baguio, Ufilipino, mwaka 1978. Anatoly Karpov ana miaka 27, bingwa wa dunia, kipenzi cha serikali ya Kisovieti. Mpinzani wake Viktor Korchnoi ana miaka 47, ametoroka Umoja wa Kisovieti miaka miwili kabla, akabaki Uholanzi baada ya mashindano, mke na mtoto wa kiume wako kule kule hawaruhusiwi kutoka. Kwa hiyo hata kabla hamjapanga kete hapo kuna vita tayari. Sheria yao ilikuwa anayefikisha ushindi 6 kwanza ndo bingwa, droo hazihesabiwi, ndo maana walianza Julai wakamaliza Oktoba.

Gemu ya pili tu, Karpov akaletewa kikombe cha mtindi katikati ya mchezo. Mtindi jamani. Kambi ya Korchnoi ikaandika malalamiko kwamba rangi ya mtindi au saa ya kuletwa inaweza kuwa ujumbe wa siri, labda unamwambia kubali droo, labda unamwambia kataa. Watu wazima wakakaa kikao, ikaamuliwa mtindi uwe wa aina moja na uletwe kwa saa maalumu. Viti navyo vikawa kesi, kiti cha Korchnoi kikafunguliwa na kupigwa eksirei kuona kama kuna kitu ndani. Korchnoi naye akaja na miwani yenye vioo kama kioo cha kujitazamia, Karpov akiinua uso anakutana na taa zinammulika machoni.

Halafu kukawa na bwana mmoja anaitwa Vladimir Zukhar, mtaalamu wa saikolojia aliyekuja na kambi ya Kisovieti. Kazi yake ilionekana ni moja tu, kukaa kwenye viti vya watazamaji na kumkazia Korchnoi macho kwa masaa. Haongei, hakohoi, hagongi chochote. Anatazama basi. Na Korchnoi, mtu aliyeishi vita ya Leningrad akiwa mtoto, aliyeona watu wakifa njaa, huyo huyo akashindwa kumvumilia mtu aliyekaa kimya.

Sasa gemu ya 17, hii ndo naomba mwandishi wako aisome mara mbili. Korchnoi anaingia ukumbini anamkuta Zukhar amekaa karibu na jukwaa. Akagoma. Akasema sichezi mpaka huyu asogezwe nyuma. Wakaanza kubishana, huku saa ya Korchnoi inatembea (kwenye chesi kila mchezaji ana muda wake unaohesabiwa), haikusimamishwa, zikaliwa dakika kama kumi hivi ndo Zukhar akasogezwa. Korchnoi ameshinda ule ugomvi. Akakaa akacheza na alicheza vizuri tu, alikuwa mbele. Ila kila mmoja alikuwa na masaa mawili na nusu kwa muvu 40, yaani hatua 40, na ilipofika muvu ya 39 muda umemwishia, anacheza kwa kukimbia, akapeleka ngome yake kwenye kona ya a1, hakuona farasi wawili wa Karpov waliokuwa wanamnyemelea mfalme. Farasi wa kwanza akaruka f3, cheki, yaani mfalme katishiwa. Ukimla, ngome inakuja cheki na farasi wa pili anamalizia, usipomla, farasi wa pili anamalizia hapo hapo. Ilibaki muvu moja, MOJA, avuke mstari wa muvu 40 apate muda wa kupumua. Zile dakika kumi za kumhamisha Zukhar ndo alizihitaji pale.

Kwa hiyo nauliza, nani alimfunga, macho ya Zukhar? Mi sidhani kama macho yana nguvu hiyo. Zukhar angeweza kuwa anawaza chakula cha jioni. Kilichomfunga ni gemu ya pili aliyoianzisha mwenyewe pembeni, ya yeye na Zukhar, akaicheza kwa muda uliokuwa wa gemu ya kwanza. Hapo ndo tatizo la huo "ubabe" lilipo. Anayekusumbua hahitaji kuwa hodari wa kusumbua, anahitaji tu wewe umjibu.

Nitaleta na ya kwangu ili nisionekane nawasema wakubwa tu. Miaka ya nyuma nilicheza mashindano ya wikiendi, sitaji wapi wala nani, kila mtu ana saa nzima. Mpinzani wangu kila akila kete yangu anaichukua anaigongesha mezani taratibu, tok, tok, tok, huku anaangalia ubao. Nikasema huyu ananichokoza. Kumwita mwamuzi naona aibu, wataniona mtoto wa mama. Basi nikaamua kumjibu, nikaanza kutikisa mguu mpaka meza inacheza, nikawa nacheza muvu naibamiza saa kwa nguvu, nikawa nakohoa yeye akifikiri. Nilijiona mjanja kweli. Nilikuwa mbele kwa farasi mzima nikapoteza kwa muda kuisha. Baadaye tunakunywa chai nikamwambia bwana wewe una fujo, akashangaa kweli kweli, akasema hajui kama anagonga, hata nyumbani mke wake humpigia kelele akigongesha kijiko. Mguu wangu je? Hakuuona. Yaani nimepigana vita dakika kumi na tano na mtu ambaye hayupo vitani.

Najua wapo watakaosema sisi tumekulia kelele, kelele hazitusumbui. Ni kweli na si kweli. Mi nimejifunza drafti kijiweni chini ya mwembe, kule hakuna mtu anacheza kimya, kuna wawili kwenye ubao na kumi pembeni wote makocha, mara "mzee leo unanyolewa bila maji", mara mtu anakuonyesha kwa kidole kete ya kwenda, na kwenye bao ndo usiseme, mpinzani anakuimbia kabisa huku anasambaza kete. Pale utani ni sehemu ya mchezo, wote mnajua, ukinuna ndo umekwisha. Lakini mchukue huyo bingwa wa kijiweni umweke kwenye ukumbi wa chesi, kimya kabisa, simu zimekusanywa, mtu mbele yake anamwangalia bila kusema neno. Anatetemeka. Nimewaona. Kelele tunaziweza, kinachotushinda ni kimya chenye mtu ndani yake.

Mwandishi wako alimtaja Bobby Fischer, yule Mmarekani, kama mfano wa mbabe aliyefanikiwa, hapo sibishi, alifanikiwa. Reykjavik, Iceland, 1972, akigombea ubingwa wa dunia, alipoteza gemu ya kwanza akalalamikia kamera za filamu, ya pili hakutokea kabisa akapewa sifuri, akawa nyuma 2-0 kwa bingwa Boris Spassky wa Umoja wa Kisovieti, ambaye Fischer alikuwa hajawahi kumfunga hata mara moja maishani. Halafu akataka gemu ya tatu ichezwe chumba cha nyuma mbali na watu na kamera. Spassky, mstaarabu, akakubali. Angekataa angeweza kuondoka na ubingwa wake. Akaingia kwenye kale kachumba akafungwa, na baada ya pale hakurudi kuwa yule Spassky, mechi ikaisha 12.5 kwa 8.5. Ila angalia vizuri nani alisumbuliwa. Wengi tunasoma kwamba Fischer alisumbuliwa na kamera. Mi naona aliyetolewa mchezoni ni Spassky, siku zile zote alikuwa anafikiria huyu anakuja haji, nikubali nisikubali, huku Moscow wanamwambia rudi nyumbani. Ilifika mahali kambi yake nayo ikadai Wamarekani wameweka vifaa vya umeme au kemikali ukumbini, viti vikapigwa picha, taa ikafunguliwa, wakakuta nzi wawili wamekufa. Timu ya bingwa wa dunia, badala ya kuandaa muvu za mwanzo za gemu, inahesabu nzi.

Na nikubali kwamba kuna aliyejibu na ikampa raha. Mwaka 1959 kwenye mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa, kule Yugoslavia, Pal Benko alivaa miwani ya giza kwa sababu aliamini macho ya Mikhail Tal yanaloga. Tal akaazima miwani mikubwa kupita kiasi kwa mchezaji mwenzao Petrosian, akaivaa, ukumbi ukacheka mpaka Benko mwenyewe. Tal akashinda mashindano yale na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia. Lakini huyo hakulipiza, alicheka, ikachukua sekunde chache akarudi kwenye ubao. Kama mtoto wako ana kipaji cha Tal cha kucheka basi sina neno. Wangu wengi hawana, wana kipaji cha kununa.

Wengine watanitupia ya Elista, Urusi, 2006, Kramnik na Topalov wakigombea ubingwa wa dunia, ile ya choo. Meneja wa Topalov akalalamika kwamba Kramnik anaenda chooni mara nyingi mno, kamati ikafunga vyoo binafsi, Kramnik akakaa nje ya mlango wake akagoma gemu ya 5, akapewa sifuri. Hapo alikuwa anaongoza 3-1. Mwisho alishinda, ndiyo, kwa gemu za haraka baada ya kufungana 6-6, lakini tusidanganyane, baada ya ule mgomo alifungwa gemu ya 8 na ya 9 mfululizo, akajivuta akarudi. Alikuwa na haki, mi naamini alikuwa na haki kabisa, na haki yake ilimgharimu pointi na nusura imgharimu taji. Cha ajabu miaka ya karibuni ni Kramnik huyo huyo anayetilia shaka matokeo ya wenzake mtandaoni. Sitaki kuingia huko maana barua itakuwa ya kurasa nane.

Na siku hizi usumbufu umehama, umeingia kichwani. Tangu Carlsen, bingwa wa dunia wakati ule, ajitoe mashindano ya St. Louis Septemba 2022 baada ya kufungwa na kijana Hans Niemann, ikazuka shaka ya udanganyifu, kila mtoto anayefungwa na asiyemjua anauliza "huyu haibi kweli?" Yaani hana haja ya Zukhar, Zukhar anakaa naye ndani. Nina kijana mmoja ana akili sana, akifungwa na mtu wa chini yake kwenye simu anatumia jioni nzima kuchambua kama yule katumia injini, yaani programu ya kompyuta inayocheza chesi, gemu yenyewe hajaiangalia aone wapi alikosea.

Sasa tunafanyaje. Mi si mtaalamu wa saikolojia, wakubwa wanao, Gukesh wa India alipochukua ubingwa wa dunia Singapore Desemba 2024 akiwa na miaka 18 alikuwa na Paddy Upton anayemjenga kiakili, bwana aliyewahi kufanya kazi na timu ya kriketi ya India ilipochukua kombe la dunia 2011. Sisi hatuna Upton. Tuna redio.

Hilo la redio sikulibuni mimi. Botvinnik, bingwa wa dunia wa zamani, alikuwa hapendi moshi wa sigara, basi kwenye gemu za mazoezi akamwambia rafiki yake Ragozin ampulizie moshi usoni makusudi, mpaka akazoea. Mi siwezi kuwapulizia moshi watoto wa watu, wazazi watanifukuza mtaani, kwa hiyo nawawekea redio ya mpira, siku ya Simba na Yanga ndo mazoezi magumu kuliko yote. Wiki za mwanzo kila goli ubao unapinduka. Baada ya muda wanakuwa wanasikia goli, wanainua kichwa, wanashusha, wanaendelea. Ila kelele ni nusu ya kazi. Nusu nyingine namweka mmoja akae mbele ya mwenzake amkazie macho dakika tano bila kusema kitu, na hilo ndo wanalolichukia, wanasema mwalimu bora redio.

Na kitu cha pili nawafundisha mkono, si moyo. Sheria za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ziko wazi, kifungu cha 11.5 kinakataza kumsumbua au kumkera mpinzani kwa namna yoyote, hata kuomba droo kila dakika ni usumbufu, na mchezaji anaruhusiwa kusimamisha saa ili amwite mwamuzi. Kusimamisha saa! Wengi hawajui kwamba inaruhusiwa au wanaona aibu kama mimi enzi zile. Wakubwa wanaambiwa na waamuzi kila leo, kwenye mashindano ya Toronto 2024 mwamuzi alimfuata mchezaji Firouzja kumwambia viatu vyake vinapiga kelele akitembea, alikasirika, lakini wengine wote waliendelea kucheza. Kwa hiyo kwetu ni hivi: bonyeza saa isimame, inua mkono, sema sentensi moja, "anagonga meza", kaa, mwachie mwamuzi, akiruhusu ndo saa iwashwe. Usimwangalie mpinzani. Usimweleze. Mwamuzi asipofanya kitu usirudie zaidi ya mara moja, ugomvi utaupeleka kwa maandishi gemu ikiisha.

Kuna binti wangu wa darasa la sita alifanya hivyo mwaka jana kwenye mashindano ya shule. Mvulana mkubwa kuliko yeye alikuwa anamwambia kwa sauti ya chini "umeshapoteza, umeshapoteza". Binti akasimamisha saa, akainua mkono, mwamuzi akaja akamwonya yule kijana, sekunde arobaini hivi. Yule kijana akanuna, akaanza kumbamizia saa. Binti hakuinua hata kope. Alifungwa, nisiwadanganye, yule kijana alikuwa mzuri kuliko yeye. Lakini alipotoka akaniambia "mwalimu nilikosea pale kwenye askari wa safu ya c, ningemwacha". Mi nikamkumbuka mzee Korchnoi, ambaye Baguio alirudi kutoka nyuma 5-2 mpaka 5-5 kisha akafungwa ya sita, na baada ya gemu hiyo ya mwisho alikuwa bado anaandika malalamiko kwamba mechi haikuwa halali na kwamba Zukhar alisogezwa tena mbele.

Ombi langu kwa wanaoandaa mashindano ya watoto, na hili gazeti lako linaweza kusaidia kulisema: wazazi wakae nje ya ukumbi, maana Zukhar wengi huku kwetu ni mama na baba waliosimama nyuma ya kiti cha mpinzani wamekunja mikono, na waamuzi kabla ya raundi ya kwanza wawaonyeshe watoto kwa vitendo namna ya kusimamisha saa, dakika mbili tu.

Mwandishi wako nae simchukii, namkaribisha. Tuko Jumamosi saa tatu asubuhi, kila wiki, redio ipo. Akitaka kujaribu ubabe wake nitamweka na binti wa darasa la sita. Akija na mtindi aje na wa kutosha wote, rangi yoyote.

Mwalimu wa chesi wa Jumamosi,
Tanga